Begi la kilo 21 kwa njia ya kilomita 230: anza na ramani, si na mzani

SWALI: Mimi na rafiki yangu tunajiandaa kutembea njia ya milimani ya kilomita 230 kwa siku 12, tukibeba hema na chakula mgongoni. Kuna kijiji kimoja tu cha kuongeza chakula, karibu na katikati ya njia. Nimepakia kila kitu nikapima: begi lina kilo 21 kabla ya maji, na mimi mwenyewe nina kilo 68. Nipunguze nini? Pili, simu yangu ina GPS nzuri na ramani nimeshazipakua. Bado kuna haja ya ramani ya karatasi na dira?

JIBU: Kilo 21 ni nyingi mno kwa mtu wa kilo 68, hilo halina mjadala. Lakini ukianza kutoa vitu leo utatoa visivyo, kwa sababu hujajua njia inakudai nini. Mzigo wa safari ndefu una mafungu matatu. Kuna vifaa, ambavyo uzito wake ni uleule kuanzia siku ya kwanza hadi ya mwisho. Kuna chakula na gesi, vinavyopungua kila siku. Na kuna maji, ambayo hupanda na kushuka mara kadhaa ndani ya siku moja. Mafungu mawili ya mwisho huamuliwa na ramani, kwa hiyo nitakujibu kinyumenyume: njia kwanza, begi baadaye. Na ndiyo, ramani ya karatasi na dira unavihitaji. Kwa pamoja havifiki gramu 150, kwa hiyo si hivyo vinavyokuvunja mgongo.

Hesabu siku kwa saa

Kilomita 230 kwa siku 12 ni wastani wa kilomita 19 kwa siku, na wastani huo haukuambii kitu. Kilomita 19 za bondeni humalizika mchana mapema. Kilomita 19 zenye mita 1,400 za kupanda zinaweza kukukuta gizani ukitafuta pa kusimika hema. Mwaka 1892 mpanda milima wa Scotland, William Naismith, alitoa kanuni ambayo hadi leo haijachuja: saa moja kwa kila maili 3, na saa nyingine kwa kila futi 2,000 za kupanda. Kanuni hiyo inamfaa mwenye mzigo mwepesi. Kwa begi la siku sita tumia kilomita 4 kwa saa, na dakika 1 kwa kila mita 10 za kupanda. Mteremko mkali, wa zaidi ya nyuzi 12, nao hula muda: ongeza dakika 10 kwa kila mita 300 za kushuka. Mteremko wa wastani, nyuzi 5 hadi 12, hukurudishia dakika 10 kwa kila mita 300.

Chukua siku yenye kilomita 19, kupanda mita 950 na kushuka mita 700 kwa mteremko mkali. Umbali: saa 4 na dakika 45. Kupanda: dakika 95. Kushuka: dakika 23. Jumla ni saa 6 na dakika 43 za miguu kwenda bila kusimama. Weka mapumziko ya dakika 10 kwa kila saa na dakika 40 za kula, jumla inafika saa 8 na nusu. Mkiondoka saa 1 asubuhi mtakuwa kambini saa 9 na nusu alasiri, na kama jua linazama saa 12 mna saa mbili na nusu za akiba. Siku hiyo inakubalika. Siku ambayo akiba yake ni chini ya saa moja na nusu igawe au ifupishe, kwa sababu mvua moja ya mchana au kivuko kimoja kilichofurika huimaliza yote.

Fanya hesabu hiyo kwa kila siku kati ya hizo 12. Siku mbili za kwanza zifanye fupi, kilomita 13 hadi 15, maana ndipo begi ni zito na miguu bado ni migeni. Njia ikipita juu ya mita 3,000, angalia pia mwinuko wa mahali pa kulala: usipandishe kambi kwa zaidi ya mita 500 kati ya usiku mmoja na mwingine, na kila baada ya siku tatu au nne lala usiku wa pili palepale. Mchana unaweza kupanda juu zaidi na kurudi. Usiku ndio wenye hesabu. Kichwa kikiuma na chakula kikakataa kupita, msipande zaidi siku hiyo. Mtu akianza kuyumba au kuhema akiwa amekaa, shukeni hapohapo, hata kama ni usiku.

Jihadhari na namba ambazo programu inakupa. Mstari uliochorwa kwenye skrini hukata kona za njia inayopinda, hivyo umbali wake huwa pungufu. Mimi huongeza sehemu moja ya kumi. Jumla ya kupanda nayo hutofautiana kati ya programu moja na nyingine kwa njia ileile, kwa kuwa kila moja hulainisha vimo kwa namna yake. Chagua siku moja uihesabu kwa mkono: kwenye ramani yenye kontua (mistari inayounganisha sehemu zenye kimo kimoja) za kila mita 20, mstari mzito huja kila baada ya mita 100. Ukipata mita 950 na programu inasema 1,300, utajua siku zilizobaki uzisome vipi.

Maji ndiyo mzigo unaokudanganya

Lita moja ni kilo moja, na hakuna kifaa ghali kitakachobadilisha hilo. Mtu anayetembea na begi katika hali ya wastani anahitaji kama nusu lita kwa saa, na kwenye jua kali hukaribia lita nzima. Pitia ramani uweke alama ya bluu kila mahali penye maji, halafu andika muda, si kilomita, kati ya alama na alama. Kukiwa na saa mbili kati ya vijito, lita moja na nusu yatosha, na kila mnapofika mnakunywa nusu lita palepale kabla ya kujaza. Maji ya tumboni hayaning'inii mabegani. Kukiwa na pengo la saa sita, beba lita tatu hadi nne. Pengo hilo likiishia kwenye kambi isiyo na maji, ongeza lita mbili za kupikia na za asubuhi, na tayari una kilo tano au sita. Kambi moja iliyosogezwa saa moja mbele, mpaka kwenye kijito, inaweza kukupunguzia uzito kuliko hema jipya.

Angalia mistari ya bluu kwa makini. Mstari mzima kwa kawaida ni mto wa kudumu. Mstari wa vipande vipande ni kijito cha msimu, na wakati wa kiangazi utakuta mawe. Usiweke kambi yako kwenye mstari wa vipande bila mpango wa pili.

Kuhusu kuyasafisha: kichujio cha nyuzi zenye matundu ya maikromita 0.1 huzuia bakteria na vijidudu kama giardia, lakini hakizuii virusi. Pia kikishalowa kisha kikaganda kwa baridi, nyuzi zake hupasuka bila wewe kuona, na kinaendelea kutiririsha maji kana kwamba ni kizima. Usiku wa baridi kali kinalala nawe ndani ya begi la kulalia. Kama juu ya maji kuna makazi ya watu, ongeza vidonge vya klorini daioksidi, na usome muda kwenye pakiti: kwa kawaida ni dakika 30 kwa bakteria na virusi, saa 4 kwa kimelea sugu kiitwacho kriptosporidiamu. Kuchemsha huua vyote: dakika 1 ya kutokota, au dakika 3 mkiwa juu ya mita 2,000.

Karatasi, na kinachoandikwa juu yake

Skeli ya 1:50,000 inatosha kwenye njia iliyo wazi. Hapo sentimita 2 ni kilomita 1. Sehemu zenye njia hafifu, mawe matupu au ukungu wa mara kwa mara zichapishe kwa 1:25,000, ambako sentimita 4 ni kilomita 1. Ukichapisha mwenyewe, zuia printa isipunguze ukurasa ili utoshee kwenye karatasi. Ndilo kosa ninaloliona mara nyingi kuliko yote: ramani inatoka nzuri, skeli imeandikwa 1:25,000, kumbe ukurasa umepunguzwa hadi asilimia 94 na kila umbali utakaoupima kwa rula utakuwa pungufu. Weka rula juu ya mistari ya gridi. Mraba wa kilomita moja usipokuwa sentimita 4 kamili, chapisha upya.

Hakikisha pia kwamba gridi ya karatasi na ile ya simu zinasema lugha moja. GPS hutumia mfumo wa kutaja mahali uitwao WGS84. Ramani nyingi za zamani zilichorwa kwa mifumo mingine, na tofauti yake ardhini inaweza kufika mita mia kadhaa. Jina la mfumo huandikwa pembeni mwa ramani kwa herufi ndogo. Zikitofautiana, badilisha mpangilio wa programu ufuate ramani, kisha jaribu kwa kusimama mahali pasipo na utata, kama makutano ya barabara, uone kama tarakimu zinalingana.

Sasa gawa kila siku katika vipande vya dakika 40 hadi 90, kila kimoja kikianzia na kuishia mahali ambapo huwezi kupakosea: daraja, makutano ya vijito, pengo kati ya vilele viwili. Kwa kila kipande andika uelekeo, umbali, kupanda, muda, na vitu viwili vinavyosahaulika. Cha kwanza ni kile utakachokiona ukiwa njiani. Cha pili ni kile kitakachokuambia umepitiliza. Kipande kilichoandikwa vizuri husomeka hivi: “Daraja la mbao hadi pengo la mita 2,340. Nyuzi 64, kilomita 2.6, kupanda mita 310, dakika 70. Kijito kinabaki mkono wa kulia hadi mwisho. Njia ikianza kushuka na kijito kikawa kushoto, nimepitiliza.” Sentensi ile ya mwisho ndiyo inayookoa watu. Aliyepotea kwa kawaida aliona dalili mapema, akaipuuza kwa vile hakuwa ameiandika mahali kuwa ni dalili.

Kila siku iwe na njia ya kutokea: bonde au barabara iliyo karibu, na saa ngapi kuifikia. Ichore kwa penseli. Na kila mmoja wenu awe na nakala yake ya ramani, mfukoni mwake. Ramani iliyo kwenye begi la mwenzako aliyetangulia nusu kilomita ni sawa na ramani iliyobaki nyumbani.

Simu yako inafaa, ukiipa masharti

Simu haihitaji mtandao ili kupokea GPS, inapokea setilaiti moja kwa moja. Inachohitaji ni ramani iliyokwisha kupakuliwa kweli. Watu hupakua eneo kwa ukubwa wa mbali tu, na wakikuza picha mlimani wanaona mraba mtupu. Washa hali ya ndegeni ukiwa nyumbani, zima simu uiwashe tena, fungua programu, kuza hadi uone kila kontua kwenye kambi zote 11 na kwenye njia zote za kutokea. Rafiki yako afanye vivyo hivyo kwenye simu yake.

Kinachomaliza betri ni skrini, kurekodi njia muda wote, na simu inayotafuta mnara usiokuwepo. Iache kwenye hali ya ndegeni, usirekodi, na iangalie mwishoni mwa kila kipande tu. Kwa matumizi hayo simu ya kawaida hula kama asilimia 25 kwa siku pamoja na picha chache. Pawabenki ya mAh 10,000 haikupi mAh 10,000. Nyingine hupotea wakati wa kubadilisha volti, ukabaki na kama 6,000 hadi 6,500. Kwa simu ya mAh 4,500 hiyo ni kuchaji mara moja na nusu, au pungufu kidogo. Ukijumlisha na chaji ya kuanzia una siku tisa. Hadi kijijini unafika bila wasiwasi, lakini kwa siku 12 haitoshi, kwa hiyo ulizia mapema kama pale kuna umeme wa uhakika. Kwenye baridi betri hunywea haraka: simu na pawabenki zilale nawe, na mchana simu ikae mfuko wa ndani. Skrini iliyolowa haitii kidole, na hapo ndipo utakapoishukuru karatasi iliyo ndani ya mfuko wa plastiki.

Dira, hatua kwa hatua

Nunua dira yenye bamba la plastiki angavu, na uulize imesawazishwa kwa eneo gani la dunia. Sindano hainyooki mlalo kila mahali. Iliyotengenezwa kwa ajili ya kaskazini ya mbali, ukiipeleka kusini mwa dunia, ncha yake inaweza kukwaruza kioo na kukwama. Usiihifadhi karibu na simu wala kasha lenye sumaku. Dira inaweza kugeuzwa kabisa, ncha nyekundu ikawa inaonyesha kusini, na kwa kuitazama hutajua. Kabla ya safari ilinganishe na dira ya rafiki yako.

Matumizi yake ni haya:

1. Weka ukingo wa bamba kuanzia ulipo hadi unapokwenda, mshale wa safari, ule uliochorwa kwenye bamba, ukielekea unapokwenda.
2. Bila kusogeza bamba, zungusha duara lenye namba za nyuzi hadi mistari iliyo ndani yake ilingane na mistari ya gridi, alama ya kaskazini ya duara ikitazama juu ya ramani.
3. Soma nyuzi, kisha rekebisha tofauti kati ya kaskazini ya ramani na kaskazini ya sumaku.
4. Shika dira bapa mbele ya kifua, zunguka mwili mzima hadi ncha nyekundu iingie ndani ya mshale wa duara. Chagua jiwe au mti ulio kwenye mstari huo, uufuate huo, usitembee ukitazama dira.

Hatua ya tatu ndiyo inayowaangusha wengi. Tofauti hiyo hubadilika kutoka mahali hadi mahali na pia mwaka hadi mwaka, kwa hiyo iliyoandikwa kwenye ramani ya miaka 30 iliyopita usiitumie kama ilivyo; tafuta ya sasa. Tuseme ni nyuzi 8 mashariki na ramani imekupa 64. Ikiwa mashariki unatoa: weka dira kwenye 56. Ikiwa magharibi unajumlisha. Ukisahau kabisa, ndani ya kilomita 1.5 utakuwa mita 210 pembeni ya ulipotaka kufika. Ukirekebisha upande usio wake, yaani ukaweka 72, kosa ni nyuzi 16 na utakuwa mita 430 pembeni. Penye ukungu hilo ni bonde jingine. Zipo dira unazoziwekea tofauti mara moja kwa bisibisi ndogo na kusahau. Zinastahili bei yake. Angalia vilevile dira ya simu imepangwa kuonyesha kaskazini ipi, la sivyo mtabishana vifaa viwili vyote vikiwa sahihi.

Kosa jingine ni kupindua duara, ukaenda kinyume kwa nyuzi 180. Dawa yake ni kujiuliza kabla ya hatua ya kwanza: jua liko upande gani, na je, mteremko ulio mbele yangu unashuka kama kontua zinavyosema?

Na ukilenga kitu kilicho juu ya mstari mrefu, kama daraja juu ya mto, usikilenge moja kwa moja. Lenga makusudi mita 150 kushoto kwake. Ukifika mtoni unajua pa kugeukia: kulia. Ukilenga daraja lenyewe na kulikosa, utabaki ukingoni ukipiga ramli.

Mkishuku mmepotea, kaeni chini. Tafuteni mahali pa mwisho mlipokuwa na hakika napo, hesabuni dakika tangu hapo, zidisheni kwa mwendo wenu. Choreni duara la umbali huo kuzunguka mahali hapo: hamko nje yake. Kurudi mlikotoka ni bora kuliko kufuata kijito kuteremka, maana vijito vya milimani huishia kwenye maporomoko.

Sasa begi

Pima kila kitu kimoja kimoja kwa mzani wa jikoni, uandike. Gramu ni kama haba na haba. Kibaba chako kimejazwa na vitu 40 ambavyo hakuna kinachoonekana kizito.

Anza na vinne vikubwa. Hema la watu wawili la gramu 1,900 mkigawana ni 950 kila mmoja, mmoja akibeba kitambaa na mwingine miti na vigingi, almradi hamtengani njiani. Begi la kulalia, 950. Godoro la kupuliza, 480. Begi lenyewe, 1,400. Jumla gramu 3,780. Nadhani kwako vinne hivi vinakaribia kilo 7, na hapo ndipo penye nafuu kubwa.

Usikate uzito kwenye kulala bila kusoma namba. Begi la kulalia lenye kipimo cha ISO 23537 huwa na joto la starehe na joto la kikomo. Panga kwa lile la starehe, maana kikomo ni cha mtu aliyejikunja asigande. Godoro lina thamani ya R, kipimo cha linavyozuia joto lisipotelee ardhini: 2 kwa usiku wa joto, 4 na zaidi ardhi ikiwa ya baridi. Mwenye begi zuri juu ya godoro la R 1.5 hutetemeka usiku kucha akililaumu begi, wakati joto linaponyonywa na ardhi. Kadiria baridi ya kambi ya juu kabisa: hewa hupoa takriban nyuzi 6.5 za Selsiasi kwa kila mita 1,000.

Nguo za ndani ya begi zisizidi gramu 1,800: koti na suruali ya mvua, jaketi la joto, sweta, seti kavu ya kulalia isiyovaliwa mchana kwa sababu yoyote ile, soksi jozi mbili, chupi mbili. Hapa ndipo wengi wana kilo nne za “ikitokea”. Nguo unayotembea nayo huishia kuwa chafu, na hiyo ni sawa. Vyombo vya kupikia mkigawana ni 250. Kichujio na vyombo vya maji, 210. Dira, ramani, pawabenki, waya, tochi ya kichwani na kifaa cha kuomba msaada kwa setilaiti, 660. Dawa, usafi, uzi na sindano, gundi ya viraka, filimbi: 600. Jumla ya vifaa vyote ni kilo 7.3.

Chakula ni gramu 700 kwa siku kikiwa kikavu, chenye wastani wa kilokalori 4.3 kwa gramu, yaani kama 3,000. Kuongeza mafuta na karanga hupandisha wastani huo, kwani mafuta yana 9 kwa gramu na wanga 4. Hadi kijijini ni siku sita. Beba ya saba ya akiba, hivyo kilo 4.9. Gesi: lita moja hutokota kwa gramu 12 hadi 15 pasipo upepo. Lita tatu kwa siku kwa wote wawili ni gramu 36 hadi 45, kwa hiyo mitungi miwili ya gramu 230, mmoja kwa kila begi, inafika siku 10 hadi 12. Asubuhi mbili kuleni bila kuwasha jiko. Kinga upepo kwa jiwe au begi upande mmoja tu. Kuuzungushia mtungi ukuta wa bati huupasha joto hadi uweze kupasuka. Na kama mnasafiri kwa ndege, mitungi mtainunua mkifika, kwani hairuhusiwi hata kwenye mizigo ya chini.

Jumlisha: 7.3, 4.9, mtungi 0.38 na lita mbili za maji. Kilo 14.6 asubuhi ya kwanza, ambayo ni kama asilimia 21 ya uzito wako, na karibu kilo 11 mkikaribia kijiji.

Namna ya kulipakia begi hubadilisha kilo hizo zinavyohisiwa. Begi la kulalia chini, chakula katikati karibu na mgongo, vyepesi upande wa nje, koti la mvua juu kabisa. Funga kwanza mkanda wa nyonga, juu ya mfupa na si tumboni, kisha vuta mikanda ya mabegani polepole hadi iguse tu. Ukiweza kuingiza kidole chini ya mkanda wa bega wakati nyonga zimebeba, umepatia. Mabega yakiuma kabla ya saa moja kupita, begi ni refu au fupi kuliko mgongo wako, na hakuna kamba utakayovuta ikarekebisha. Ndani weka mfuko mmoja mkubwa mzito wa plastiki kuliko kutegemea kifuniko cha nje, ambacho upepo hukichukua.

Viatu viwe vikubwa kidogo, nafasi ya kidole gumba mbele, maana miguu huvimba. Mahali pakianza kupasha moto kwenye kisigino, simama wakati huohuo ubandike plasta. Dakika tano baadaye ni lengelenge.

Wiki tatu kabla ya kuondoka, lala nje usiku mbili na begi lote, pamoja na maji na chakula cha siku saba, mahali penye kupanda, ikiwezekana mvua ikinyesha. Andika muda halisi wa kila kipande ulinganishe na makadirio yako. Mkitumia saa 8 mahali ulipokadiria 6 na nusu, zidisha kila siku ya mpango kwa 1.2, na pale siku zinapovuka giza tafuta siku ya 13 au ukate kipande cha njia kabla hamjaondoka. Nakala ya mpango huo mpya aachiwe mtu mmoja nyumbani, ikiwa imeandikwa tarehe na saa ambayo, asipopata habari zenu, apige simu kuomba msaada, na namba ya kupiga.